Kitenzi "hteti" na Wakati Ujao katika Kiserbokroatia

Lugha iliyoitwa Kiserbokroatia, ambayo tangu Yugoslavia ianze kuvunjika mwaka 1991 imezoea kutajwa kwa majina manne, yaani Kiserbia, Kikroatia, Kibosnia na Kimontenegro, ina kitenzi kimoja kitakachompendeza mchunguzi wa Kiswahili. Nacho ni hteti, au htjeti kwa matamshi ya Zagreb na Sarajevo, na maana yake ni "kutaka".

Maumbo yake kamili ni hoću "nataka", hoćeš "wataka", hoće "ataka", na kadhalika. Hiyo -u ya nafsi ya kwanza ni masalio ya kale. Vitenzi vingine vimeshika -m. Katika lugha sanifu ni mogu "naweza" peke yake aliye mwenzi wake. Sauti ć yatokana na t iliyofuatwa na y, na ndugu zake twawaona katika xoštǫ ya Kislavoni cha Kanisa, xoču ya Kirusi, na chcę ya Kipolandi. Ama h, haikuwa imara vinywani mwa watu: Vuk Karadžić hakuitia katika kamusi aliyoichapisha Vienna mwaka 1818, ila imo katika toleo la 1852.

Kando ya hayo yako maumbo mafupi: ću, ćeš, će. Haya hayawezi kuanza sentensi; sharti yaegemee neno lililotangulia, kama ja ću doći au doći ću, "nitakuja". Hapo kutaka kumekwisha, umebaki wakati tu. Jambo hili si geni kwetu, maana -ta- yetu ni -taka iliyokatwa, nayo hurudi nzima tusemapo atakayekuja.

Ugumu umo katika kukanusha, kwa kuwa neću ni neno moja lisilo na umbo refu wala fupi. Mtu akisema neću doći, je, asema "sitakuja" au "sitaki kuja"? Kusema neću da dođem hakuondoi shaka, kwani huko Serbia hata ja ću da dođem ni wakati ujao mtupu. Mwenye kufasiri maneno ya shahidi kwa Kiswahili hana budi kuchagua, na achaguapo aweza kumgeuza aliyebashiri kuwa aliyekataa. Swali nalo ni hivyo hivyo: hoćeš li doći? laweza kuwa ulizo au mwaliko.

Kwa hiyo wanaoliita ću alama ya wakati tu wamelitazama katika sentensi za kukubali peke yake. Kibulgaria, kilicho jirani, kimefika mbali zaidi: šte yake, iliyotoka katika kitenzi kile kile, haibadiliki kwa nafsi yoyote, na katika kukanusha kwa kawaida huachwa, pakatumika njama da, iliyotoka katika kitenzi cha "kuwa na".