Maandamano ya vijana, Mbita na Homa Bay

Haya ni maelezo ya harakati za kisiasa za vijana wa Kenya tangu Juni 2024, pamoja na athari zake katika Kaunti ya Homa Bay, ulipo mji wa Mbita. Eneo hili si geni kwa uongozi wa vijana: Tom Mboya, aliyezikwa Kisiwa cha Rusinga mwaka 1969, aliongoza shirikisho la wafanyakazi kabla hajafikisha miaka 25.

Chanzo cha maandamano ya 2024 kilikuwa Mswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kutoza kodi hata mkate. Vijana walihamasishana mitandaoni bila chama wala kiongozi mmoja. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni; kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini mswada, na tarehe 11 Julai akawafuta kazi karibu mawaziri wote. Ushindi huo ulilipiwa kwa damu. Katika baraza jipya la mawaziri, Hazina ya Kitaifa ilipewa John Mbadi wa chama cha upinzani ODM, aliyekuwa mbunge wa Suba Kusini, jirani na Mbita. Waandamanaji hawakuwa wamedai wapinzani wapewe vyeo.

Jeraha zito zaidi lilikuja Juni 2025. Albert Ojwang', mwalimu na mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi. Walidai alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ulikanusha dai hilo. Maandamano yalizuka upya, na Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat akajiondoa ofisini kwa muda kupisha uchunguzi wa kifo hicho.