Lile onyo la cheti kwenye barua pepe, na tabia yetu ya kubonyeza "endelea"

Msimu wa kutuma ripoti za mafunzo kwa vitendo umefika, na hapa Dodoma karibu kila bweni kuna mtu anahangaika kuunganisha barua pepe ya taasisi yake kwenye simu au laptopu. Anajaza jina, anajaza neno la siri, halafu linatokea lile dirisha: cheti cha usalama cha seva hii hakiaminiki, je, unataka kuendelea? Na kila bweni lina fundi wake, na fundi ana jibu moja tu: "Bonyeza endelea mwanangu, hiyo kitu huwa inasumbua tu."

Leo naomba niandike kihistoria kidogo, maana hilo jibu halikudondoka toka mbinguni. Lina chanzo chake. Kwa maoni yangu lilizaliwa enzi zile cheti kilipokuwa kinauzwa kwa dola, na sisi wa huku tusio na dola tukazoeshwa kupuuza onyo. Enzi hizo zimepita, ila tabia ndo imebaki palepale.

Tuanze na kitu ambacho kila aliyeomba mkopo anakijua. Huwezi kwenda Bodi ya Mikopo ukasema tu "mimi ndiye fulani". Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, fomu inapita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, inapita kwa wakili au hakimu, na kila mmoja anagonga muhuri wake. Anayepokea ile fomu hakujui wewe, wala hamjui mwenyekiti wako wa Nkuhungu. Anachoamini ni muhuri, kwa sababu nyuma ya muhuri kuna ofisi, na nyuma ya ofisi kuna serikali. Sasa fikiria mtu anajiandikia barua ya utambulisho mwenyewe na kuigonga muhuri aliochonga mwenyewe. Inawezekana kabisa ni mtu mwema, lakini utamjuaje?

Cheti cha seva ni hivyohivyo. Ndani yake kuna jina la seva, ufunguo wake wa umma, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na sahihi ya mdhamini. Kompyuta yako inauliza maswali matatu. Jina ni lile uliloomba? Tarehe ziko sawa? Mdhamini namfahamu? Jibu moja likiwa hapana, onyo linatokea.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu humu mabwenini. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani walichapisha wazo la funguo mbili: mmoja unaugawa kwa kila mtu, mwingine unabaki nao mwenyewe. Funguo za watu wote zingewekwa kwenye orodha ya wazi, kama kitabu cha simu. Swali likabaki: nani analinda hicho kitabu, na itakuwaje dunia nzima ikitaka kukifungua kwa wakati mmoja? Mwaka 1978 Loren Kohnfelder wa MIT akapendekeza kwamba kila ufunguo upewe karatasi yake yenye sahihi ya mtu anayeaminika, mwenye nayo aibebe mwenyewe na kuionyesha anakokwenda. Hiyo karatasi ndiyo cheti. Na jamani, hiyo ilikuwa tasnifu ya shahada ya kwanza! Wale mnaosema tasnifu zetu ni za kujaza makabati ya idara, mlijibu hilo.

Mwaka 1988 ukatoka muundo rasmi unaoitwa X.509, ambao vyeti vinaufuata hadi leo. Halafu mwaka 1995 kampuni ya Netscape ikatoa SSL, ili watu wanunue vitu kwa kadi bila namba zao kuibwa njiani. Ndani ya kivinjari wakaweka orodha ya wadhamini wanaokubalika. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa, maana ukiwa kwenye orodha unauza sahihi. Marekani kulikuwa na VeriSign. Na Afrika tulikuwepo: mwaka huohuo wa 1995 Mark Shuttleworth, aliyesoma Chuo Kikuu cha Cape Town, alianzisha Thawte huko Afrika Kusini, ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani. Desemba 1999 VeriSign wakainunua kwa takriban dola milioni 575.

Kwa hiyo vyeti viliwahi kusainiwa huku huku Afrika, ila bei ilikuwa ya dunia. Cheti kimoja kiligharimu zaidi ya dola mia kwa mwaka, na kwa wauzaji wenye majina makubwa ilikuwa mamia kadhaa. Tena ulipie kwa kadi ya kimataifa, kitu ambacho miaka hiyo ofisi nyingi Tanzania hazikuwa nacho. Benki zilinunua. Chuo, shule au halmashauri ingeanzia wapi? Hela ya karatasi za mitihani yenyewe ya kuvutana.

Barua pepe ilikuwa na hali mbaya zaidi ya tovuti. Programu kama Eudora na Outlook Express zilichukua barua kupitia mlango namba 110 au 143, na neno la siri lilipita wazi kama postikadi. Ukikaa kwenye intaneti kafe yenye mashine kumi kwenye waya mmoja, mwenye ujuzi kidogo aliweza kusoma neno lako la siri akiwa meza ya pili. Njia salama zilikuwepo, milango 993 na 995, na mwaka 1999 ikaja STARTTLS, yaani mazungumzo yanaanza wazi halafu yanahamia kwenye siri. Lakini zote zilitaka seva iwe na cheti.

Basi mafundi wakatafuta njia. Programu za seva ya barua kama Courier na Dovecot, ukizisakinisha kwenye Debian, zilijitengenezea cheti zenyewe papo hapo, kimejisaini chenyewe. Bure kabisa. Mawasiliano yanafungwa vizuri tu, ila mdhamini hayupo. Ndo ile barua yenye muhuri wa kujichongea. Kila aliyejiunga alikutana na onyo, na fundi akawaambia watumishi wote: mkiona hiyo, bonyezeni endelea. Kwa siku ile alikuwa sahihi, maana siri isiyo na mdhamini ilikuwa afadhali kuliko postikadi. Ila alifundisha ofisi nzima kwamba onyo ni kelele.

Ongeza na mazingira yetu. Kabla mkebo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano ya intaneti ya nchi kwenda nje yalitegemea satelaiti, na kusasisha programu lilikuwa zoezi la usiku kucha. Kompyuta nyingi zilikuwa za mtumba. Ile betri ndogo ya saa, duara kama sarafu, ikishakufa, kila umeme ukikatika mashine inarudi tarehe ya kiwandani. Ukiwasha, mashine inaamini ni mwaka 2002, inaona cheti kilichotolewa 2008, inasema hiki bado hakijaanza kutumika. Cheti kizima, seva nzima, kosa ni saa. Mtumiaji anajua nini? Anabonyeza endelea.

Sasa njoo mwaka 2011 muone kwa nini nalivalia njuga hili. Uholanzi kulikuwa na mdhamini anaitwa DigiNotar. Wadukuzi waliingia kwenye mitambo yake wakajisainia mamia ya vyeti vya uongo, kimoja kikiwa cha Google. Cheti hicho kikatumika dhidi ya watu wa Iran: mtu anafungua Gmail, anadhani anaongea na Google, kumbe katikati kuna mtu anasoma kila kitu. Muhuri ulikuwa halali, kwa hiyo vivinjari vingi vilikaa kimya. Chrome peke yake ilikuwa imeandikiwa ndani ni vyeti gani hasa vya Google ikubali, ikatoa onyo. Mwishoni mwa Agosti 2011 mtumiaji mmoja wa Iran aliliona onyo lile, hakubonyeza endelea, akauliza hadharani hiki ni nini. Swali lake ndilo lililofichua wizi wote. Makampuni yakaifuta DigiNotar kwenye orodha zao, na Septemba mwaka huohuo ikafilisika.

Anwani za intaneti zilizohusika zilikuwa kama laki tatu. Tujiulize kwa dhati: huyo mtu angekuwa amekulia kwenye mtandao wetu, na fundi wetu wa bweni pembeni yake, angeuliza?

Upande wa bei, mambo yaligeuka Desemba 2015, Let's Encrypt ilipofungua milango kwa umma. Ni taasisi isiyo ya faida, inatoa vyeti bure, na programu ndogo kwenye seva inaomba na kuhuisha bila mkono wa mtu. Masharti yake ni kwamba kila cheti kilidumu siku 90 tu. Dunia nzima inaelekea huko: Aprili 2025 jukwaa la watoa vyeti na watengeneza vivinjari lilipiga kura kwamba ifikapo Machi 2029 cheti cha wazi kisizidi siku 47. Maana yake kuhuisha kwa mkono na kalenda ya ukutani kumekwisha. Na pia hoja ya "hatuna bajeti ya cheti" imekwisha.

Makosa hayajaisha lakini, yamebadilika sura. Kuna ofisi cheti kimehuishwa vizuri, ila seva ya barua haikuambiwa isome kipya, inaendelea kuonyesha cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu yake. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kilichokuwa kinaidhamini Let's Encrypt kilikwisha muda, na mashine za zamani zisizosasishwa zikaanza kulia ingawa seva zilikuwa sawa. Simu za zamani za Android zilitafutiwa ujanja wa kuendelea hadi Septemba 2024. Kwa nchi ya simu za mtumba, hiyo ni habari kubwa.

Haya, ukikutana nalo ufanyeje? Fuata yale maswali matatu.

Tarehe kwanza. Angalia saa ya kifaa chako, na mwaka pia. Kama iko sawa na cheti ndo kimeisha, hilo ni la msimamizi wa seva: ahuishe, halafu aiambie huduma ya barua isome upya.

Pili jina. Mara nyingi umeandika mail ikifuatiwa na jina la taasisi, wakati cheti kimetolewa kwa jina la seva ya kampuni inayowahifadhi. Usibuni. Muulize msimamizi jina sahihi, uliandike hilo.

Tatu mdhamini. Kama kwa wenzako wenye vifaa vipya inafanya kazi, sasisha chako. Kama wote mnalia lakini kwenye kivinjari inafunguka vizuri, huenda seva haitumi cheti cha kati, yaani mnyororo umekatika katikati. Kivinjari mara nyingi huweza kukitafuta chenyewe, programu ya barua mara nyingi haiwezi. Msimamizi aweke mnyororo mzima. Na kama kweli cheti kimejisaini chenyewe, mwombe akusomee kwa mdomo alama yake ya utambulisho, ile mistari ya herufi na tarakimu, ulinganishe na unayoiona. Hapo ndo utakuwa umekubali kwa kujua.

La mwisho: onyo likitokea kwenye Wi-Fi moja tu, ya hoteli au stendi, na ukihamia bando la simu linapotea, kaa mbali. Hiyo siyo seva yako inayosumbua. Kuna kitu katikati.

Kuna mtu ataniambia barua zangu hazina siri, waache wasome. Ndugu yangu, siku hizi barua pepe ndiyo ufunguo wa nyumba. Ukisahau neno la siri la akaunti ya mkopo, la maombi ya ajira au la mfumo wa matokeo, kiungo cha kuweka jipya mara nyingi kinakuja huko. Anayesoma barua zako hana haja ya kuiba kingine.

Kwa hiyo fundi wa bweni, nakuheshimu sana, umetuokoa mara nyingi kwenye printa na kwenye virusi. Ila kwa hili naomba ubadilishe jibu. Mtu akikuletea lile dirisha, kabla hujasema endelea, msome pamoja linalalamikia nini: jina, tarehe au mdhamini. Ni dakika moja tu.

Mimi narudi kwenye ripoti, tarehe ya mwisho haihuishwi. Tupo pamoja.