Bisie: kilo zinaandikwa, majeraha hapana

Hapa Pinga nani asiyejua Bisie? Kasiterite iligunduliwa pale, wilayani Walikale, mwaka 2002. Mwaka uleule Kinshasa ilitoa sheria ya migodi mwezi wa saba na sheria ya kazi mwezi wa kumi. Hiyo ya pili inadai kampuni iwe na kamati ya usalama na usafi. Lakini mchimbaji wa mkono hana mkataba, kwa hiyo kamati haimhusu. Alishuka mlimani na tochi kichwani, nyundo na patasi mkononi.

Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji huo, hadi Machi 2011. Sababu ilikuwa bunduki, si mashimo yanayobomoka.

Tangu 2019 kampuni ya Alphamin inatoa madini hukohuko Bisie. Katika migodi ya viwanda usalama hupimwa kwa maandishi: jeraha linalomkosesha mtu siku ya kazi huandikwa, sababu yake ikatafutwa kabla halijaja kubwa zaidi. Kwenye mashimo ya mkono tunahesabu maiti tu. Kidole kilichopondwa nani anakiandika? Na mkuu wa shimo, yule tunayemwita PDG, daftari analo: la kilo na la madeni. Ukurasa mmoja wa majeraha ungetosha kuanzia.