Kompyuta Inajizima na Kujiwasha: Si Kila Mara ni Virusi

Wiki jana jirani yangu alibisha hodi akiwa amekumbatia kompyuta yake ya mezani kama mtoto mgonjwa. Inajizima na kujiwasha yenyewe, akasema, haifiki hata kwenye Windows, na fundi ameshauri ifomatiwe kwa sababu ni virusi. Nikamwambia asithubutu. Kisha nikamsimulia habari za kompyuta ya mama, na nimeona heri niwasimulie na ninyi, maana ndani yake mna kipande cha historia ambacho vijana wengi wa fani hii hawakijui.

Mwaka 2009 nilikuwa darasa la sita kule Limuru. Mama alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama ishirini na wawili. Alinunua kompyuta kuukuu ya Pentium 4 katika duka moja jijini Nairobi, mali iliyotoka maofisini ng'ambo (chapa yake nitainyamazia). Akahamishia hesabu zote za chama humo, daftari akaliweka kabatini. Miezi ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Kisha ikaanza: mara moja kwa wiki inajizima na kujiwasha, baadaye kila siku, na asubuhi zile za baridi ya Limuru haiwaki mpaka ubonyeze kitufe mara tano sita. Fundi akaja, akasema virusi, akafomati. Siku nne baadaye ugonjwa ukarudi. Akafomati tena, na akalipwa tena! Hesabu za miezi saba zikapotea. Mama hakuwa na nakala, na katika mkutano uliofuata wapo waliosema mbele yake kwamba kompyuta ni kisingizio tu. Alilipa shilingi 14,000 kutoka bonasi yake ya majani chai ili yaishe, akauacha uweka hazina.

Kwa nini yule fundi alikimbilia virusi? Hakuwa mjinga. Alijifunza kazi katika miaka ambayo jibu hilo lilikuwa sahihi mara nyingi.

Tarehe 16 Julai 2003 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika huduma iitwayo RPC, iliyomo ndani ya Windows 2000 na XP. Watu wengi hawakukiweka. Tarehe 11 Agosti mnyoo ulioitwa Blaster ukaanza kusambaa kupitia ufa huo huo. Haukungoja ufungue barua pepe wala ubonyeze chochote. Kompyuta kuwa mtandaoni bila kinga kulitosha. Mara nyingi mnyoo uliiangusha ile RPC, na kwa kuwa Windows haiwezi kuishi bila huduma hiyo, kikatokea kidirisha chenye saa inayohesabu kurudi nyuma kutoka sekunde 60. Ikifika sifuri, kompyuta inajizima na kuwaka upya. Waliojua walikimbia kuandika amri ya shutdown -a kabla ya sekunde kuisha, ndipo wapate nafasi ya kupakua kiraka. Hebu fikiria kupakua kiraka kwa intaneti ya Kenya ya 2003, iliyotegemea setilaiti! Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009.

Aprili 2004 ukaja Sasser, kazi ya mwanafunzi mmoja wa Ujerumani, nao ulipitia huduma nyingine, LSASS. Dalili ilikuwa ile ile, sekunde 60 zile zile. Agosti mwaka huo Microsoft ikatoa Service Pack 2 ya XP, iliyokuja na ukuta wa kinga ukiwa tayari umewashwa, na minyoo ya namna hiyo ikapata taabu. Lakini kwa mafundi, somo lilikuwa limeshaingia: kompyuta ikijizima na kujiwasha, ni virusi, fomati.

Sasa tazama ushahidi wa nyumbani kwetu. Kompyuta ya mama haikuwahi kuunganishwa na intaneti. Haikuonyesha saa ya kuhesabu sekunde hata siku moja. Na ilizimika hata kabla nembo ya Windows haijatokea! Kirusi cha Windows kitaizimaje kompyuta wakati Windows yenyewe bado imelala kwenye diski?

Jibu nililipata mwaka wa pili wa chuo kikuu. Nilikuwa likizoni, nikaivuta ile kompyuta kutoka chini ya kitanda na kuifungua. Kando ya prosesa palikuwa na safu ya kapasita, vile vimkebe vidogo vya alumini, na tano kati yake zilikuwa zimevimba vichwa kama mikebe ya nyama iliyooza. Mbili zilikuwa zimevuja ute uliokauka rangi ya kahawia.

Hapa ndipo historia inaponoga. Prosesa ya Pentium 4 hutumia umeme wa karibu volti 1.5 tu, lakini kwa makumi ya ampea, na hitaji lake hupanda na kushuka kila nukta. Kazi ya kapasita hizo ni kuutuliza umeme huo. Ndani yake mna majimaji, yaani elektroliti. Elektroliti yenye maji mengi ni rahisi na hufanya kazi vizuri, lakini isipochanganywa na dawa za kuilinda alumini, maji na alumini hupambana, gesi ya hidrojeni hutokea, mkebe huvimba. Umeme ukianza kuyumba, prosesa hukosea hesabu na kompyuta huanza upya. Kapasita mbovu huwa dhaifu zaidi ikiwa baridi. Ndiyo maana ya zile asubuhi za mama.

Kati ya takriban 1999 na 2007 kapasita za namna hii ziliuzwa duniani kwa mamilioni. Mwaka 2002 habari zilianza kuchapishwa, na hadithi iliyopendwa ni ya fomula ya elektroliti iliyoibwa Japani na kufika Taiwan ikiwa pungufu. Ni hadithi tamu mno, nami siiamini kuwa ndiyo maelezo yote, kwa sababu kapasita zilizoiumiza Dell zilitengenezwa na Nichicon, kampuni ya Japani kwenyewe. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya janga hilo. Nyaraka za kesi zilizofunguliwa mwaka 2010 zilihusu kompyuta milioni 11.8 zilizouzwa kati ya Mei 2003 na Julai 2005. Chuo Kikuu cha Texas kilipolalamika, kiliambiwa kwamba idara yake ya hisabati imezichosha mashine kwa hesabu ngumu! (Mama yangu alikuwa akijumlisha michango ya chama.)

Kwa hiyo nilimfanyia jirani kipimo kile ambacho fundi wetu hakukifanya. Washa, ingia kwenye ukurasa wa BIOS, iache hapo dakika kumi. Ikijizima ukiwa hapo, acha Windows kabisa; angalia umeme, joto, RAM, kapasita. Diski itoe kwanza uifunge kwenye kompyuta nyingine, unakili mafaili, ndipo mengine yafuate. Ya jirani ilizimika dakika ya pili. Kapasita zake ni za kisasa, kavu, nzima kabisa. Nikachomoa waya wa umeme, nikatoa RAM, nikaisafisha midomo yake kwa raba ya penseli, nikairudisha. Ikawaka. Picha zake za harusi zote zipo.

Na mama? Ile likizo nilimng'olea kapasita moja iliyovimba, nikamweleza. Aliigeuza geuza kiganjani, akaifunga kwenye leso, na Jumapili hiyo akaenda nayo kwa aliyekuwa mwenyekiti wa chama.