Kutu kwenye Reli za Chuma cha Pua: Jeddah na Riyadh Zina Maradhi Tofauti

Mtu anapoweka reli za chuma cha pua kwenye ngazi ya nje au kwenye roshani, hulipa bei kubwa kwa sababu ameambiwa kwamba chuma hicho hakishiki kutu. Baada ya miezi michache, akiwa Jeddah, huona madoa ya rangi ya chai yakitambaa juu ya chuma. Akiwa Riyadh huona vidoadoa vyekundu kama vya hina, vimetawanyika hapa na pale. Hapo huanza lawama kwamba fundi amedanganya. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi chuma ni kile kile kilichoahidiwa, na kutu imeletwa na chumvi ya bahari, na vumbi la chuma kingine, au na dawa tulizosafishia sisi wenyewe.

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua chanzo cha kutu katika miji hii miwili, namna ya kuiondoa bila kuharibu chuma, na namna ya kuizuia isirudi. Jambo hili si la urembo tu. Reli ndiyo inayoshikwa na mzee anaposhuka ngazi, na ndiyo inayoegemewa na mtoto anapochungulia barabarani.

KWA NINI CHUMA HIKI HUKATAA KUTU

Chuma cha pua, au stenlesi kama mafundi wanavyosema, ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba sana, usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudia wenyewe, mradi chuma kiwe safi na hewa ikifikie. Harry Brearley alikitengeneza huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, na wengi wetu tulikijua kwanza kwa visu vya mezani vilivyopigwa chapa ya mji huo.

Adui mkubwa wa utando huo ni kloraidi. Imo katika chumvi ya bahari, katika chumvi ya jikoni, katika klorini ya kufulia na katika asidi ya chumvi. Kloraidi hutoboa utando mahali padogo, na hapo chuma huanza kuchimbika.

Ziko namba tatu ambazo kila mwenye nyumba anapaswa kuzijua:

304: ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi. Ndiyo ya kawaida.

316: ina nikeli zaidi, na pia molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Hiyo molibdenamu ndiyo inayoisaidia kuhimili chumvi. Katika vyeti vya Ulaya 304 huandikwa 1.4301, na 316 huandikwa 1.4401.

201: sehemu kubwa ya nikeli imepunguzwa na manganizi imetiwa badala yake. Ni rahisi kwa bei, hung'aa kama zile nyingine, lakini ikiwekwa nje hushika kutu mapema.

Wako mafundi wanaomtolea mteja sumaku ili kumthibitishia kwamba chuma ni kizuri. Sumaku haitofautishi namba hizi, kwani zote tatu kwa kawaida haziivuti au huivuta kidogo tu. Kinachosaidia ni dawa ya matone ya kupimia molibdenamu, ambayo huuzwa kwa wenye warsha, pamoja na cheti cha kiwanda.

JEDDAH: MARADHI YA CHUMVI

Maji ya Bahari ya Shamu yana chumvi ya gramu 40 hivi kwa lita, wakati bahari nyingi za dunia zina gramu 35 hivi. Upepo unaotoka baharini hubeba chembe za maji hayo na kuzitua juu ya kila kitu. Hata chemchemi ya Mfalme Fahd, inayorusha maji juu zaidi ya mita 250, hutumia maji ya bahari.

Wajenzi wa zamani waliijua hali hii. Nyumba za Al-Balad, mji mkongwe wa Jeddah ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na mbele zikawekwa roshani za mbao. Neno ni lile lile tunalolitumia sisi, roshani, na mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja akisimama pale haoni ugeni. Roshani za leo zina chuma, na chuma hutaka uangalizi ambao mbao hazikuuhitaji.

Watu hushangaa kwa nini reli ipate kutu ilhali Jeddah mvua ni chache. Sababu ni mbili. Kwanza, katika chumvi ya bahari mna kloraidi ya magnesi, ambayo hunyonya unyevu wa hewa hata hewa inapokuwa kavu kiasi. Reli huonekana kavu, kumbe ina utando wa maji ya chumvi juu yake. Pili, kwa kuwa mvua ni chache, hakuna kinachoiosha chumvi hiyo. Ndiyo maana kutu huanza upande wa chini wa reli na mahali palipofunikwa na paa, ambako hata hiyo mvua kidogo haifiki.

Madoa haya huonekana zaidi katika kilomita 5 za kwanza kutoka baharini, na upepo mkali unaweza kuyafikisha mbali zaidi. Aliye katika eneo hilo achague 316, iliyosuguliwa mpaka ikawa laini, kwa sababu chumvi hujificha katika mikwaruzo ya chuma kilichoparuzwa. Skrubu na bolti ziwe za alama A4, ambayo ni sawa na 316. Zile za A2 ni sawa na 304. Hata 316 haikusamehe kuosha. Karibu na bahari osha kila wiki moja au mbili, na mbali kidogo mara moja kwa mwezi.

RIYADH: MARADHI YA CHUMA CHA KIGENI

Riyadh iko mbali na bahari, kilomita 400 hivi, na iko mita 600 hivi juu ya usawa wake. Hewa ni kavu. Kwa hali hiyo 304 inatosha kabisa. Vipi basi vidoadoa vyekundu?

Chanzo cha kwanza ni vumbi la chuma cheusi. Jirani anapokata nondo kwa grainda, cheche zinazoruka ni vipande vidogo vya chuma cha kawaida. Vikitua juu ya reli hunata, na vikipata umande au maji ya kuoshea baraza hushika kutu. Kutu ile ni ya vipande hivyo, si ya reli, lakini ikiachwa muda mrefu huharibu utando na reli yenyewe ikaanza kuliwa. Hali ni hiyo hiyo ikiwa warsha ilitumia brashi au jiwe la grainda lililokwisha kupitishwa kwenye chuma cheusi.

Chanzo cha pili ni asidi ya chumvi, ambayo Waarabu huiita ruh al-milh. Mafundi huitumia kuondoa saruji juu ya vigae nyumba inapokamilika. Si lazima iguse reli. Mvuke wake peke yake unatosha kuiharibu. Vigae vikisafishwa kwa asidi, reli zifunikwe kwa nailoni kabla, na zioshwe kwa maji mengi baadaye.

Chanzo cha tatu ni vipoza hewa vya maji vya jangwani. Maji yanapokauka ndani ya kipoza, chumvi zake hubaki na kuzidi ukali. Kipoza kinachodondoshea reli huiletea bahari mpaka Riyadh.

Kutambua vumbi la chuma ni rahisi. Osha sehemu ndogo ya reli, kisha ifunge kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji safi ya kunywa, ukiache usiku kucha bila kukauka. Asubuhi ukikuta vidoa vya kutu mahali ambapo jana palikuwa safi, kuna chuma cha kigeni kilichonata.

Kwa Riyadh osha kila miezi miwili au mitatu, na kila baada ya tufani ya vumbi. Mwagia maji kwanza, ndipo upanguse. Ukipangusa vumbi kavu unakwaruza chuma kwa mchanga.

NAMNA YA KUONDOA KUTU

Fanya kazi asubuhi mapema au baada ya alasiri, chuma kikiwa baridi. Juani dawa hukauka kabla ya kufanya kazi na kuacha alama.

1. Osha reli kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya vyombo, kwa kitambaa au sponji. Suuza.

2. Chukua unga wa asidi ya ndimu, ambao katika maduka ya Saudia hujulikana kwa jina la milh laymun. Yeyusha gramu 50 katika nusu lita ya maji ya vuguvugu. Vaa glovu za mpira.

3. Lowesha kitambaa kwa maji hayo, kizungushe juu ya doa, ukiache dakika 15 hadi 20. Usikiache kikauke.

4. Sugua taratibu kwa kitambaa au sponji laini ya nailoni iliyo mpya, ukifuata mistari ya chuma. Usisugue kwa duara.

5. Suuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi, kisha kausha kwa kitambaa. Maji ya kisima yakikauka juu ya chuma huacha chumvi zake pale pale.

Doa likikataa, rudia mara ya pili. Likizidi kukataa, tumia dawa ya kusafishia stenlesi yenye asidi ya oksaliki au ya fosforiki, kwa kufuata maelezo ya chupa. Asidi ya oksaliki ni sumu; iwekwe mbali na watoto. Ikiwa kutu imeshachimba vishimo, kazi hiyo ni ya fundi: asugue upya, kisha arudishe utando kwa asidi. Vile vile rangi ya buluu au nyeusi iliyobaki penye kuchomelea ni lazima iondolewe, kwani hapo utando umeungua. Dawa ya warsha inayoondoa rangi hiyo huwa na asidi kali sana, hupenya ngozi hadi kwenye mfupa. Usikubali kuitumia mwenyewe nyumbani.

MAKOSA YETU WENYEWE

Sisi watu wa pwani tumelelewa kusafisha shaba kwa ndimu na chumvi, au kwa ukwaju na majivu. Kwa sinia na njumu za mlango ni sawa. Kwa chuma cha pua, chumvi ya jikoni ni sumu. Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe kwenye roshani ya binti yangu huko Jeddah: siku ile reli iling'aa nikasifiwa, na baada ya wiki tatu madoa yalikuwa maradufu. Jina la Kiarabu, milh laymun, maana yake ni chumvi ya ndimu, lakini ule unga hauna chumvi ya kula ndani yake. Msaidizi wa nyumbani aelezwe vizuri asije akachanganya ndimu na chumvi ya chakula.

Usitumie waya wa chuma wa kusugulia masufuria. Huacha chembe zake kwenye reli. Usitumie klorini. Na kamwe usichanganye klorini na asidi yoyote, hata ya ndimu, kwani hutoka hewa yenye sumu inayoweza kuua mtu katika chumba kilichofungwa.

HATARI ISIYOONEKANA

Reli inaweza kung'aa juu huku ikiliwa chini. Mara moja kwa mwaka nyanyua vile vikombe vinavyofunika miguu ya reli uangalie bolti. Ukiona kutu inachuruzika kutoka kwenye zege au marumaru, ufa penye kuchomelea, au mguu unaotikisika, usiendelee kupaka dawa. Zuia watoto wasipite hapo na umwite fundi siku hiyo hiyo.

Wenye mabwawa ya kuogelea wazidishe hadhari. Tarehe 9 Mei 1985, huko Uster, Uswisi, dari nzito ya zege ya bwawa la ndani ilianguka na kuua watu 12. Vyuma vya pua vilivyoishikilia vilikuwa vimepasuka kwa sababu ya kloraidi iliyokuwa katika hewa ya bwawa.

KABLA YA KULIPA

Nimefanya kazi ya ukarani maisha yangu yote, na naamini karatasi. Fatura isiandikwe "stenlesi" tu. Iandikwe namba, 304 au 316, pamoja na alama ya bolti na muda wa dhamana. Ikiwa umepanga nyumba, piga picha za reli siku unayoingia na umtumie mwenye nyumba, ili kutu ya zamani isije ikawa deni lako siku ya kutoka. Kisha weka daftari dogo jikoni: tarehe ya kuosha, dawa iliyotumika, na mahali palipoonekana doa. Doa likirudi pale pale mara tatu, tafuta kinachodondoka au kinachopeperuka hapo kabla hujanunua dawa nyingine.