Uhuru wa kusema una mipaka, na mipaka nayo ina sheria

UHURU wa kujieleza umelindwa na Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya, iliyozinduliwa Agosti 27, 2010. Kifungu hicho kinampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo, uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na uhuru wa kitaaluma na wa utafiti wa kisayansi. Hata hivyo, kifungu kicho hicho kinataja mahali ambapo uhuru huo unakomea. Raia anapaswa kuzijua pande zote mbili, kwa kuwa asiyeijua haki yake hunyang'anywa, na asiyeujua mpaka wake huishia kizimbani.

Eldoret ni mfano mwafaka wa suala hili. Katika historia ya mji huo, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, zimo hatari mbili zinazotokana na ulimi: hatari ya mtawala kumnyamazisha anayemkosoa, na hatari ya mwananchi kutumia maneno kumwinda jirani yake.

Askofu aliyeonywa asifike Busia

Chini ya katiba ya awali, uhuru wa kujieleza ulikuwamo katika kifungu cha 79, lakini ulizingirwa na vighairi vingi kuhusu usalama, utangamano na maadili ya umma. Kando ya kifungu hicho zilikuwepo sheria za kumweka mtu kizuizini bila kumfungulia mashtaka, na sheria ya uchochezi dhidi ya serikali. Kumiliki tu kijarida kilichopigwa marufuku kulitosha kumpeleka mtu gerezani.

Miongoni mwa waliothubutu kusema wakati huo ni Askofu Alexander Kipsang Muge, aliyeongoza Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Kianglikana kuanzia 1983. Alishutumu ufisadi, unyakuzi wa ardhi na mfumo wa kupiga kura kwa mlolongo uliotumiwa 1988. Agosti 1990, Waziri wa Leba, Peter Okondo, alimwonya hadharani kwamba akithubutu kukanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Muge alikwenda Busia Agosti 14, akahubiri, na siku hiyo hiyo akafa katika ajali ya barabarani akirejea Eldoret, gari lake lilipogongana na lori. Okondo alijiuzulu. Kifo hicho kimezua maswali tangu wakati huo.

Makosa ya uchochezi dhidi ya serikali yalifutwa katika vitabu vya sheria 1997, kufuatia mageuzi yaliyoafikiwa na vyama vya kisiasa kabla ya uchaguzi wa mwaka huo.

Maneno yaliyotangulia moto

Upande wa pili wa shilingi ulidhihirika baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa Desemba 30, ghasia zililipuka. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, viungani mwa Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo kuokoa maisha yao, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini katika machafuko hayo. Tume hiyo ilitaja pia matangazo ya baadhi ya redio za lugha za kienyeji miongoni mwa mambo yaliyochochea uhasama.

Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mjini The Hague pamoja na William Ruto. Kesi ilianza kusikizwa Septemba 10, 2013. Majaji walio wengi waliikomesha Aprili 5, 2016, bila yeyote kati yao kupatikana na hatia. Hata hivyo, kesi hiyo iliwafunza watangazaji wa Kenya kwamba kinachosemwa kwenye maikrofoni kinaweza kuwa suala la mahakama ya dunia.

Itakumbukwa pia kwamba serikali yenyewe ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja Desemba 30, 2007. Marufuku hiyo haikuzuia umwagaji wa damu, na uvumi ulijaza pengo lililoachwa na habari.

Mipaka ni ipi?

Kifungu cha 33(2) kinasema kwamba uhuru wa kujieleza hauhusishi propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, wala utetezi wa chuki unaochochea uhasama wa kikabila, unaowadunisha wengine au unaochochea madhara. Kifungu cha 33(3) kinamtaka kila anayeutumia uhuru huu aheshimu haki na sifa za wengine.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyozaa tume ya NCIC, inafafanua kosa la matamshi ya chuki katika sehemu ya 13. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ili kosa lithibitike, haitoshi kwamba maneno yamemuudhi mtu. Ni lazima yawe ya vitisho, matusi au dharau, na yawe yamekusudiwa kuchochea chuki ya kikabila au yaelekee kuichochea.

Mfano ni neno "madoadoa". Kwa msemaji wa kawaida, hayo ni mabaka tu kwenye nguo au ngozi ya mnyama. Lakini katika Bonde la Ufa, tangu mapigano ya miaka ya 1990, neno hilo lilitumiwa kuwataja watu wa jamii zilizoonekana kuwa za wageni, waliotakiwa kuondolewa. Ndiyo maana Mithika Linturi, wakati huo Seneta wa Meru, alipolitamka katika mkutano wa kisiasa Eldoret Januari 8, 2022, alikamatwa siku iliyofuata. Aliomba radhi na kushikilia kwamba hakuilenga jamii yoyote. Miezi michache baadaye, NCIC iliorodhesha neno hilo miongoni mwa yale iliyoyaonya katika siasa. Kamusi pekee haitoshi kuamua kesi ya aina hii; mahali na historia navyo hutoa ushahidi.

Serikali nayo ina mpaka

Kifungu cha 24 kinasema haki haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, tena kwa kiwango cha busara kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Serikali ndiyo inayotwikwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hapakuwepo njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lake.

Kwa kipimo hicho, sheria kadhaa zimeanguka katika Mahakama Kuu. Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu kilichoadhibu matumizi mabaya ya vifaa vya mawasiliano, kwa kuwa hakikueleweka wazi. Februari 2017, kosa la jinai la kuharibia mtu jina lilifutwa. Aliyekashifiwa hushauriwa kudai fidia katika kesi ya madai. Aprili mwaka huo huo, kosa la kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma lilitangazwa kuwa kinyume cha Katiba. Na mamlaka ya mawasiliano ilipoagiza vituo vikomeshe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano Juni 2025, mahakama ilisimamisha agizo hilo.

Ukikamatwa kwa uliyoyasema

Kifungu cha 49 kinampa mshukiwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Haki ya kunyamaza. Haki ya kuwasiliana na wakili. Na haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo unaishia siku isiyo ya kazi. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kufika mahakamani kudai kwamba haki imekiukwa, hata kwa niaba ya asiyeweza kujitetea.

Kwa ufupi, maswali mawili yanatosha kumwongoza msomaji. La kwanza: je, maneno haya yanamkosoa mwenye mamlaka kwa kazi yake? Ukosoaji huo unalindwa na Katiba, hata uwe mchungu kiasi gani. La pili: je, yanamfanya jirani awindwe kwa sababu ya kabila, dini au asili yake? Hayo hayana kinga popote nchini.