Miti na Upepo wa Kusi Uwandani Kwetu

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za walimu wetu, mechi na ugali wa shule. Mimi naomba nafasi ndogo nizungumzie upepo. Aliyepata kuishi Mnyambe mwezi wa Juni au Julai hahitaji kuelezwa ni upepo gani.

Uwanda wa Makonde unapanda polepole kutoka upande wa bahari hadi Newala, kisha unakatika ghafla juu ya bonde la Ruvuma. Kusi ikivuma wakati wa kipupwe, haikuti mlima wa kuizuia. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alikaa Newala, na katika kitabu chake akaulalamikia upepo wa jioni. Lakini aliona pia jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: uwanda ulijaa vichaka vizito, na vijiji vilikuwa vimejificha ndani yake. Wazee wetu walijificha hivyo kwa kuwahofia wavamizi wa Kingoni. Vichaka vilivyomzuia adui vilizuia na upepo, na hakuna aliyelazimika kupanda mti kwa kazi hiyo.

Amani ilipokuja na mashamba yakapanuka, vichaka vikafyekwa. Nafasi yake ikachukuliwa na mkorosho, hasa kuanzia miaka ya 1930 na 1940. Mkorosho haupukutishi majani yote kiangazi, na matawi yake hushuka karibu na ardhi. Mzee aliyejenga katikati ya mikorosho yake alipata fedha na kinga kwa pamoja, ingawa nadhani alihesabu fedha tu.

Ndipo ikaja Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Watu walihamishwa wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, ili wafikiwe na shule, zahanati na maji. Huduma hizo sizibezi. Wengi wetu tumesoma kwa sababu yake. Lakini nyumba zilisimama mahali peupe, na mikorosho ikabaki mbali, mingine ikamezwa na pori. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hazikufika 20,000. Uhamisho ulikuwa sababu mojawapo, pamoja na bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga. Mavuno yaliyopotea yaliandikwa katika taarifa nyingi. Paa za nyasi zilizoezuliwa na kusi sijaziona zikihesabiwa popote.

Bei ya korosho ilipopanda tena, mikorosho ilirudi, ila mashambani. Nyumbani kiwanja ni cheupe, kimefagiliwa vizuri, na bati limefungiwa mawe.

Wanafunzi mlioko shuleni sasa, hili ni lenu. Safu ya miti hupunguza nguvu ya upepo kwa umbali wa karibu mara kumi ya urefu wake: miti ya mita 8 hukinga hadi mita 80 hivi nyuma yake. Isibane kama ukuta, maana upepo ukikuta ukuta huruka na kuanguka kwa kishindo upande wa pili. Nusu uzuiwe, nusu upenye. Mijohoro na miembe yafaa, ipandwe upande wa kusini-mashariki. Mikorosho isisongamane, kwani ubwiri unga hustawi penye kivuli kizito kisicho na hewa.

Shida yetu ni maji. Uwanda hauna mito, na yale yanayosukumwa kwa mashine kutoka bondeni ni ya watu kabla ya miche. Kwa hiyo ni kupanda na mvua za kwanza. Mche wa Desemba hupata miezi minne ya mvua kabla ya kipupwe. Ule wa Machi, ambao ndio tunaopenda kupanda kwa sherehe, hukutana na kusi ungali mchanga.